Wapangaji wa Mume Wangu

Siku mume wangu alipopunguzwa kazini, habari zilifika kijijini kwao Sola kabla hazijanifikia mimi niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja. Nilitoka zamu hospitalini mchana, miguu imevimba, nikakuta baiskeli zimeegemezwa ukutani na sebule yangu imejaa wazee wanaokula wali wangu. Nikafikiri kuna msiba. Nikavua viatu mlangoni, nikapiga magoti, nikaamkia. "Mwadila, mayu," wakaitikia kwa Kisukuma, kwa uchangamfu usio wa msiba. Ndipo mume wangu akaniita uani na kuniambia kwamba ushirika wa pamba umemwachisha, kwamba atalipwa kiinua mgongo chote kwa mkupuo, na kwamba wazee wamekuja kumshauri.

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, mama."

Huo ndio wakati biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Kwa miaka mingi pamba yetu yote ilinunuliwa na ushirika, ikasombwa na malori ya ushirika, na mume wangu alikuwa dereva wa mojawapo ya malori hayo tangu kabla hatujaoana. Ghafla kila mwenye fedha na mizani akaruhusiwa kununua. Walikuja kutoka Mwanza na Dar es Salaam, wakafungua vituo hadi kwenye vijiji ambavyo lori letu lilikuwa likifika kwa nadra, na walilipa taslimu mkulima akiwa bado ameshika gunia. Ushirika ukaishiwa mizigo, kisha ukaishiwa dizeli, mwisho ukaona madereva nao wamezidi.

Upande wangu, hospitalini, kila kitu kilichokuwa bure kilianza kuota dirisha la kulipia. Kadi, dirisha. Sindano, dirisha. Ada za shule nazo zilikuwa zimerudi. Na kipindi hichohicho alistaafu muuguzi mkuu wetu, mama aliyenifundisha ukunga. Tulimchangia vitenge na sufuria, tukamwimbia, tukala pilau. Haukupita muda nikamkuta nje ya geti la hospitali akiwauzia vitumbua wagonjwa aliokuwa akiwapangia vitanda. Pensheni yake, aliniambia, inakwisha kwenye nauli ya kuifuata. Nilinunua vitumbua vyake, na tangu siku ile sikuwahi kulisikia neno kustaafu bila kusikia harufu ya mafuta ya kukaangia.

Kwa hiyo mume wangu aliponiambia habari ya kiinua mgongo, mimi nilikuwa na mpango tayari. Tatizo ni kwamba kila mtu alikuwa na wake.

Wazee walitaka ng'ombe. "Fedha ni karatasi," alisema mkubwa wao akinawa mikono. "Umewahi kuona karatasi imezaa?" Anunue ng'ombe, awaweke kwa watu wa kuaminika huko Mwandoya kwenye malisho, na uzeeni atakuwa tajiri. Mdogo wake mume wangu, ambaye hakuwahi kuvua hata kambale, alitaka wakafungue biashara ya samaki Lamadi. Alikuwa ameshachagua rangi ya gari.

Mimi nilisema vyumba. Kila msimu wa pamba Bariadi ilijaa makarani, wapima mizani na madereva wa kampuni mpya, watu wenye mishahara, wakilala kwenye maghala juu ya magunia kwa sababu mji haukuwa na vyumba. Sisi tulikuwa na nyumba yetu, na nyuma yake kiwanja kitupu kilichokuwa kinaota mbigili. Chumba hakiugui ndigana kama ng'ombe. Chumba hakiozi kama sato. Nililieleza hilo sebuleni nikiwa nimekaa kwenye mkeka, na wazee walinisikiliza kwa adabu yote anayopewa mtu ambaye hatasikilizwa.

Mume wangu ni mtu ambaye hajui kukataa. Anayezungumza naye mwisho ndiye anayeshinda, na mimi nilikuwa na bahati ya kuwa wa mwisho kila siku. Hata hivyo alinunua kwanza ng'ombe wawili, kwa siri, ili wazee wasinune. Baadaye nililetewa taarifa kwamba mmoja amekufa, kisha kwamba wa pili naye amekufa. Hata ngozi sikuiona.

Fedha iliyobaki tulijengea. Nilisimamia ujenzi nikiwa na sare ya kazi, nikipita asubuhi kupima mchanga kwa macho na jioni kugombana na fundi aliyedhani sementi ni chumvi, ya kunyunyiza kidogo tu. Vyumba vinne kwa mstari mmoja, baraza moja mbele, choo na bafu mwishoni. Kila chumba nilikipa kazi yake kabla hakijaezekwa. Namba moja kilikuwa cha chakula chetu cha uzeeni. Namba mbili, matibabu. Namba tatu, kodi na ukarabati, maana bati halidumu na serikali haisahau. Kodi ya namba nne ningeiweka benki, nisiiguse mpaka siku ya kuvua sare. Nikamwambia fundi rangi aandike namba hizo milangoni kwa rangi nyekundu, kubwa, zionekane kutoka barabarani.

Mpangaji wa kwanza alikuwa karani wa pamba kutoka Mwanza, mtu mzima, mnadhifu, mwenye pasi yake mwenyewe ya mkaa. Alichukua namba nne na kulipa miezi mitatu. Fedha hizo nilizipeleka benki sijala hata chakula cha mchana.

Mpangaji wa pili alikuwa mama mkwe.

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa macho alikuwa akipita wilayani kwetu mara chache kwa mwaka, na mama mkwe alikuja mapema asije akamkosa. Alikuja mapema kwa miezi minne. Alishuka na kuku wake, jiwe lake la kusagia na mfuko wa michembe ya viazi vilivyokaushwa, na mume wangu akambebea vitu vyote moja kwa moja hadi namba mbili.

"Kwa nini asilale ndani kwetu?" nilimuuliza.

"Mama amezoea kuwa na mlango wake."

Basi chumba cha matibabu kikapata mgonjwa. Alipasuliwa, akapona, akaanza kuona hadi sindano iliyoanguka mchangani, na hakuna aliyesema lolote kuhusu kurudi Sola. Kisha akaja shemeji na mkewe na watoto. Biashara ya samaki ilikuwa imekataa, kwa hiyo angeshika vibarua vya kupakia pamba, msimu mmoja tu. Namba moja. Chakula changu cha uzeeni kikaanza kuliwa kabla sijazeeka. Halafu namba tatu akaingia mzee mmoja mwenye redio. Undugu wake mume wangu alinieleza mara kadhaa, na kila mara tulianzia kwa bibi fulani aliyehama Maswa wakati wa njaa, na kila mara niliitwa kazini kabla hatujafika kwa mzee.

Yule karani alivumilia. Alfajiri mama mkwe alimgongea mlango amsalimie. Jioni shemeji alimkopa. Usiku wa kwanza wa kila wiki mzee alimletea redio wasikilize pamoja, kwa nguvu, kwa kuwa mzee alikuwa kiziwi kidogo. Siku aliyokuta kuku ametaga kwenye mashati yake yaliyopigwa pasi, alinifuata.

"Mama, chumba ni kizuri sana," alisema. "Lakini hapa anayelipa ni mimi peke yangu, na anayepanga foleni ya bafu ni mimi peke yangu."

Aliondoka mwisho wa mwezi. Kabla sijatafuta mtu mwingine, shemeji alikuwa ameshaingiza magunia na watoto wake wakubwa kwenye namba nne, kwa sababu namba moja kimekuwa kidogo.

Nilimwambia mume wangu, "Waambie walipe japo nusu."

"Nimwambie mama yangu anilipe?"

"Mdogo wako, basi."

"Nitamwambia."

Kama tungelipwa kwa kila "nitamwambia", tungestaafu matajiri. Hakusema wiki ile, wala msimu ule, wala msimu uliofuata. Nilipombana alinitazama kwa huzuni ya kweli, kama mtu anayeombwa anyanyue lori kwa mikono. Na mimi nisingeweza kusema. Mkamwana wa Kisukuma akidai kodi kwa mama mkwe, habari itafika kwao kabla jua halijazama, na mama yake mzazi ataulizwa alimlea vipi. Kwa hiyo nikaendelea kutoa unga, na sabuni, na hata mafuta ya taa kwa ajili ya redio, maana mzee alidai betri zikikaa karibu na taa zinapata joto na kudumu.

Hali ilikuwa hivyo afisa wa kodi alipokuja.

Alikuwa akipita nyumba hadi nyumba kutafuta wenye vyumba vya kupangisha. Kwetu hakuhitaji kutafuta. Namba zangu nyekundu zilimwita kutoka barabarani. Alikuwa mtu mpole, viatu vyeupe kwa vumbi, na alinikuta naanika sare.

"Hongera, mama. Vyumba vinne, na nyumba kubwa."

"Karibu. Lakini hawa si wapangaji. Ni ndugu wa mume wangu. Hawalipi chochote."

Alitabasamu kwa uchovu. "Mama, nazunguka mji huu tangu asubuhi na sijakuta mpangaji hata mmoja. Bariadi nzima inaishi na shemeji zake."

"Muulize mwenyewe, basi. Yule pale ni mama mkwe wangu."

Nilikuwa na uhakika. Mama mkwe alikuwa barazani anakata viazi vya kuanika. Afisa akamwamkia vizuri, kwa Kisukuma, akachuchumaa mbele yake.

"Mayu, hapa unapokaa unamlipa mwenye nyumba?"

Mama mkwe akaweka kisu chini. Akasimama, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuja padri.

"Kwa nini umeniuliza hivyo? Umeniona ombaomba?"

"Hapana, mayu, ni..."

"Mimi nina mwanangu aliyejenga, na kwa mwanangu sikai bure. Nalipa. Kila mwezi nalipa, na sijawahi kuchelewa."

"Mayu!" nilisema.

"Nyamaza, ng'wanone, mwanangu. Usinitetee."

Shemeji alikuwa ametokeza mlangoni. Hakukubali kuonekana mdogo kuliko mama yake mbele ya mgeni mwenye mkoba. Akasema yeye analipia vyumba viwili, akataja na kiasi, kikubwa kuliko alichokuwa akilipa yule karani. Mzee wa namba tatu akazima redio aulize kinachosemwa, akaelezwa, akasema hata yeye analipa, na pia analipia umeme. Umeme wenyewe haukuwa umefika hata kwenye nyumba yetu kubwa.

Afisa aliandika yote. Aliniangalia kwa namna ya mtu aliyewahi kudanganywa na watu wengi lakini si wote kwa siku moja, akaniachia makadirio yangu ya kodi, akaaga.

Nilikaa chini barazani, sare ikidondosha maji mapajani.

"Mayu," nilisema, "umelipa lini?"

"Kumlipa nani?"

"Mwanao. Umemwambia mtu wa serikali kwamba unalipa."

Aliokota kisu, akarudi kwenye viazi. "Nilimbeba mgongoni toka Sola mpaka Maswa mjini, ana homa, mvua inanyesha. Hiyo siyo kodi?"

"Ni kodi, mayu. Lakini yule hataki hiyo."

"Basi huyo hakubebwa," alisema.

Mume wangu aliporudi jioni nikamsimulia, akacheka hadi akashika mlango. Kisha nikamwonyesha kiasi, akaacha.

Nilikwenda ofisini kwao kulalamika. Nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima nikiwa nimetoka zamu ya usiku, nikaingia kwa afisa yuleyule, nikamweleza upya, taratibu, kama ninavyowaeleza wajawazito wanaozaa kwa mara ya kwanza.

"Mama, nakuelewa," alisema. "Lakini siwezi kuandika kwamba watu watatu wazima wamekosea wanaposema wanalipa. Kama wanalipa, lipa kodi. Kama hawalipi, watoe, uweke wanaolipa."

"Umeoa wewe?"

"Nimeoa."

"Mama yako anakaa wapi?"

Alitazama dirishani. "Kwangu."

"Anakulipa?"

Akasogeza kalamu yake upande huu, akairudisha upande ule, akasema anaweza kuniruhusu nilipe kwa awamu.

Nililipa kwa awamu, kutoka kwenye mshahara wa uuguzi. Kuna miezi nilitembea kwenda kazini kwa sababu nauli ya baiskeli ilikuwa imekwenda kulipia kodi ya pango ambalo sijawahi kuliona. Nilikuwa nawalisha wapangaji, nawanunulia sabuni, na juu ya hayo nawalipia serikali heshima yao ya kusema wanalipa. Nilikuwa nikilala nalaumu sementi, nalaumu wazee, nalaumu ng'ombe waliokufa bila ngozi. Huko hospitalini nikawa mkali. Muuguzi mwenzangu aliniuliza kama ndoa ina matatizo. Nikamwambia ndoa haina tatizo lolote, ndoa imejaa, haina nafasi hata ya tatizo.

Msimu uliofuata akaja wakala wa kampuni mpya ya kununua pamba. Alitaka nyumba karibu na barabara ya Lamadi, yenye sebule atakayoifanya ofisi. Mtu alimwelekeza kwetu kwa sababu ya zile namba. Nilimzungusha uani, nikamwonyesha milango yangu minne yenye watu, nikamwambia samahani. Alikuwa ameshageuka kuondoka, macho yake yakasimama kwenye nyumba kubwa.

"Na hii?"

"Hii tunaishi sisi," alisema mume wangu.

Nilijisikia nikiuliza, "Unalipa miezi mingapi kwa mkupuo?"

"Mwaka mzima, mama."

"Karibu ndani uangalie."

Mume wangu alinifuata jikoni ananong'ona kama kuna maiti. "Sisi tutalala wapi?"

"Namba nne."

"Namba nne kuna mizigo ya mdogo wangu na watoto wake."

"Wataitoa."

"Basi ngoja nitamwambia."

"Hapana, baba. Hili nitamwambia mwenyewe."

Nilimkuta shemeji anapiga mswaki barazani. Nilimwambia kwa upole kwamba naomba namba nne kufikia kesho.

"Umepata mpangaji, shemeji?"

"Nimepata."

"Analipa vizuri?"

"Atalipa kuliko nyote."

"Nani huyo?"

"Mimi."

Alidhani ni utani, hadi alipoona kitanda changu kinatoka kupitia mlango wa mbele.

Sitasema ilikuwa rahisi. Kitanda kilijaza chumba, kabati likabaki nje chini ya turubai, na viti vya sebuleni tukavirundika mpaka juu, hata kuvaa soksi ilibidi mmoja wetu atoke nje. Watoto wetu wawili walikuwa shule ya bweni. Likizo walilala kwa bibi yao namba mbili. Alfajiri nilisimama na ndoo kwenye foleni ya bafu la kwangu mwenyewe, nyuma ya mzee ambaye hakuwahi kuoga kwa haraka maishani mwake. Mjini walisema mengi. Walisema tumefilisika. Walisema mume wangu amenihamisha ili aoe. Muuguzi mwenzangu, yuleyule, aliniletea sukari kama anayehani msiba.

Mtu mmoja tu alifurahi, na furaha yake ilinichosha kuliko uvumi wote. "Sasa tumekuwa kaya," alisema mama mkwe. "Kule ndani mlikuwa mnajificha." Kila asubuhi, hata kama nimelala saa moja tu baada ya zamu, alipita mlango wa mzee, akagonga ukuta wetu na kuniamkia kwa kelele: "Mwangaluka!" Nisipoitikia, aligonga tena, akidhani nimekufa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikulipanga. Tulipokuwa ndani, sahani zilitoka jikoni kwangu kwenda uani na hakuna aliyejua unga unatoka wapi wala unakwisha lini. Sasa jiko langu lilikuwa barazani, mbele ya wote. Walimwona muuguzi anarudi kazini na sare yake, anapepea mkaa, anapima unga wa watu watatu na kufunika debe. Hakuna aliyenyimwa kwa maneno. Mama mkwe nilimpakulia kama kawaida. Ila mke wa shemeji, ambaye ni mtu wa haya kuliko mumewe, alianza kugeuza uso kila nilipowasha moto. Siku moja alikuja kukaa karibu yangu.

"Dada, huoni aibu mwenye nyumba kukaa huku?"

"Naona."

"Hata mimi naona. Nashindwa kula."

Alichora chini kwa kijiti. "Nimemwambia mume wangu turudi Lamadi. Kaka yangu ana sehemu ya kukaushia dagaa. Amekataa. Sasa nimemwambia mimi naenda na watoto."

Walikwenda wote, kabla mwezi haujaisha. Shemeji aliniaga kwa kinyongo, akasema nimewafukuza bila kufungua mdomo. Sikubishana naye. Lori lilipokata kona nilikuwa nimeshatia kufuli namba moja, na wiki hiyohiyo akaingia fundi cherehani aliyelipa kabla hajatua mashine. Nasikia biashara ya dagaa ilimkubali shemeji, kwa sababu mkewe ndiye anayeiendesha.

Mzee wa redio hakuondoka. Baada ya mavuno alianza kuniletea gunia la mahindi kutoka Sola, analishusha mlangoni na kwenda zake. Nililipokea kama kodi, na nikamwomba asimweleze mtu yeyote mwenye mkoba. Mume wangu naye alipata kazi ya msimu kwa yule wakala, kuendesha lori la pamba, akawa anatoka kitandani na kuingia ofisini bila kuvuka hata barabara. Kwa fedha ya mwaka ule nilimaliza deni la makadirio, nikapiga lipu choo, na iliyobaki nikaipeleka benki. Kodi ya nyumba kubwa niliilipa kila mwaka bila kuitwa, na safari hii ilikuwa kodi ya fedha niliyoishika kwa mikono yangu. Sijui kama kuna anayefurahia kulipa kodi. Mimi angalau niliacha kuilaani njia nzima.

Wakala alidumu misimu michache. Bei ya pamba ikaanguka, kampuni ikatoweka kama ilivyokuja, akaondoka na funguo mfukoni ikabidi tubadilishe kitasa. Mume wangu akaanza kukunja shuka. Nikamwambia azikunjue. Nyumba ikaingia mwalimu, baada yake mwenye duka la madawa, na sisi tukabaki namba nne. Watoto wakamaliza shule tukiwa namba nne. Mama mkwe alifia namba mbili, mzee sana, macho yake bado yakiona sindano mchangani. Baada ya matanga, wageni wote walipokwisha kuondoka, niliamka alfajiri nikalala macho nikisubiri ukuta ugongwe. Nilimkasirikia hata kwa hilo, kwamba amenizoesha kuamka saa ile kwa miaka yote, kisha akaniacha nayo.

Nilistaafu. Pensheni ilikuwa kama nilivyoiogopa, labda ndogo zaidi kidogo, lakini sikuuza vitumbua. Vyumba vitatu vilikuwa na watu wanaolipa, isipokuwa mzee na magunia yake, na nyumba kubwa ilikuwa inapata bei ambayo zamani ningedhani ni matusi, kwa kuwa Bariadi ilikuwa imefanywa makao makuu ya mkoa mpya na maofisa wanahitaji pa kulala.

Mwaka huo mwenye duka la madawa alihama. Mume wangu hakuniuliza. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta godoro halipo, na kitanda cha namba nne kimebaki mbao tupu. Alikuwa amelihamishia chumba chetu cha zamani, peke yake, na mgongo wake ule uliochoshwa na malori.

"Tumezeeka," alisema. "Nataka kufia kwenye nyumba niliyojenga."

"Hivi vyumba alijenga nani?"

"Mama, tafadhali."

Nilimwacha alale huko. Mimi nililala namba nne juu ya mkeka, nimekasirika mpaka usingizi ukakataa. Asubuhi nilikuwa nafagia mbele nikasikia hodi. Walikuwa mke na mume, wafanyakazi wapya wa serikali, wanatafuta nyumba nzima, wanalipa miezi sita. Niliwakaribisha ndani. Mume wangu alikuwa amekaa katikati ya sebule tupu kwenye kigoda, amevaa fulana, anakunywa chai.

"Baba, wageni wanaomba kuona chumba cha kulala."

Alinitazama mimi, akawatazama wao. Yule dada alikuwa mjamzito, amesimama ameshika kiuno, na mume wangu, ambaye hajui kukataa, alimpisha kigoda chake na kumuuliza kama anakunywa chai ya maziwa. Kisha akaingia chumbani, akashika godoro upande mmoja, nami nikashika upande wa pili. Mlango ulikuwa mwembamba, ikabidi tulikunje.